Dakika za Mbugani

Ijumaa, tarehe 14 Machi 2098. Asubuhi hiyo ukungu uliondoka Ikongwe. Ulikuwa umeukalia mlima tangu mwisho wa Januari, ukungu mkavu usio na mvua, hata watu wakazoea kusalimiana njiani kwa sauti kabla ya kuonana nyuso. Kulipopambazuka upepo uliusukuma wote upande wa mashariki, na kutoka milima ile ya Upare ikaonekana nyika yote ya chini, nyeupe kwa vumbi, na juu yake anga tupu. Watoto walitoka nje wakapiga kelele kama siku ya sikukuu.

Namsifu Mgonja, fundi wa kike wa mashine ya maji, ile kompyuta ya malango, alikuwa juu ya paa la kibanda cha mashine akifuta paneli za sola aliposikia mtu akipanda njia kwa pumzi nzito.

"Hodi kwa fundi!"

"Karibu, Mama Ombeni. Habari za kule chini Mbugani?"

"Za Mbugani ni vumbi. Shuka, nimekuletea zawadi."

Namsifu alishuka. Mama Ombeni, mkewe Mzee Mbazi Mrutu, mgawa maji wa Mbugani, alikuwa amebeba bua zima la mhindi begani kama bunduki. Alilitupa miguuni pa fundi. Majani yalikuwa yamejikunja kama mikono ya mtu anayejikinga kipigo.

"Huo umetoa mbelewele wiki hii," alisema. "Wiki ijayo utakuwa kuni."

"Pole sana, mama."

"Pole yako ungeimwaga mfereji­ni ningeshukuru zaidi." Alijifuta jasho kwa ncha ya kanga. "Namsifu, unajua Jumapili wanamweka mume wangu mbele ya watu kule bwawani, kwenye ndiva. Leo jioni wanamnyang'anya ufunguo. Wanasema anafungua lango la pembeni na kuwapa rafiki zake maji ya Mbugani. Wakimkuta na hatia tunatolewa kwenye skimu ya maji, na zamu yetu anapewa mwingine. Na unajua yeye anasema nini?"

"Anasema nini?"

"Anasema labda alisinzia! Miaka yote anagawa maji, hajawahi kusinzia. Lakini wamemwambia mara nyingi mno, sasa ameanza kuwaamini. Jana nimemkuta amekaa uani anaitazama mikono yake, kana kwamba itamwambia ilichofanya."

Namsifu aliinama akaliokota lile bua. Alimjua Mzee Mbazi. Alikuwa mtu wa kuomba radhi hata kwa mbuzi aliyemkanyaga.

"Basi iulize hiyo mashine yako," Mama Ombeni aliendelea.

"Nimeiangalia, mama. Lango kuu linafunguliwa kwa Mbugani saa mbili kamili na kufungwa saa nne kamili. Kila siku isipokuwa Sabato."

"Na maji yanakatika saa tatu na kitu. Kutoka hapo mpaka saa nne yanakwenda wapi? Yanakwenda kwaya?"

Simu ililia kifuani mwa Mama Ombeni, na papo hapo kengele ya kanisa ikagonga saa mbili, na nyuma ya ukuta wa kibanda lango kuu likaguna na kuanza kufunguka. Vyote vitatu kwa pamoja, kama ilivyo siku zote. Tangu mwaka ule dhoruba ya jua ilipoziunguza satelaiti, Namsifu akiwa bado mtoto wa shule, hakukuwa tena na saa iliyotoka mbinguni. Kila bonde lilijitunzia saa yake. Ikongwe na Mbugani waliipata katika mashine hii, na kila simu, kila kengele na kila lango viliifuata.

"Sikia," Namsifu alisema, kwa kuridhika ambako baadaye kulimchoma. "Zote zinakubaliana."

Mama Ombeni alijifunga kanga upya.

"Haya, fundi. Sabato njema mapema," alisema, akashuka na njia.

*

Jioni Namsifu aliweka maji ya kuoga, akafunika chakula cha kesho, akamtolea mama yake kiti barazani ili waifungue Sabato pamoja. Mama yake, Bi Nakiete, alikuwa haoni vizuri kwa karibu, lakini ya mbali aliyaona. Alikuwa na furaha ya mtoto kwamba leo angeliona jua lenyewe, baada ya wiki zote hizo za kuagana na mchana kwa kengele tu.

"Anza wimbo, mwanangu."

"Bado, mama. Kengele haijalia."

"Jua linagusa nchi."

"Kengele ikilia tu tunaanza."

Jua lilikuwa kubwa na jekundu juu ya nyika. Lilizama nusu. Likabaki ukingo. Kisha halikuwapo. Namsifu alitazama kengele, akatazama simu yake. Simu ilisema bado haijatimia hata saa kumi na mbili. Jirani yao alikuwa anapasua kuni uani bila wasiwasi wowote, na mtoto alipita akipeleka mahindi kusagisha.

"Namsifu," mama yake alisema taratibu, "jua limezama."

"Nimeona, mama."

"Mbona kanisa limenyamaza?"

Namsifu alihesabu kichwani. Mwezi huo jua huzama baada ya saa kumi na mbili na nusu. Hilo halibadiliki, liwe liwalo duniani. Alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Mama, imba wewe. Narudi sasa hivi."

"Unakwenda wapi na Sabato imeingia?"

"Ndiyo maana nakwenda," alisema, na hakuweza kueleza zaidi.

*

Ndani ya kibanda kulikuwa na ubaridi na harufu ya betri. Kabla ya kugusa chochote alisimama na mikono kifuani. "Bwana, kama nimekosa, nionyeshe. Na kama si mimi, nionyeshe vilevile." Sehemu ya pili aliisema haraka zaidi, akaona aibu.

Kompyuta hujua saa kwa kuhesabu. Haina jua wala kivuli. Ina kitu kinachodunda ndani yake, nayo huhesabu midundo. Mashine ya Ikongwe ilikuwa na vihesabio viwili. Cha kwanza kilikuwa kipande cha fuwele kilichofungiwa ndani ya kisanduku chenye joto lisilobadilika, nacho kilikuwa kiaminifu mno. Cha pili kilikuwa ndani ya kichakataji chenyewe. Hicho mchana kilihesabu vizuri, lakini usiku betri ziliposhuka kichakataji kilipunguza mwendo ili kutunza umeme, na kihesabio kikazubaa pamoja nacho.

Namsifu aliiamuru mashine imwambie inahesabu kwa kipi.

Ikajibu: kichakataji.

Alikaa chini. Mwanzoni mwa Februari alikuwa ameibadilishia mashine kiini, ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo inayozungumza na vyuma. Kiini cha zamani kilikuwa kimechoka, na kipya kilikuja kwa waya kutoka makao makuu ya skimu kikiwa na sifa tele. Kilipoamka kwa mara ya kwanza kilivijaribu vihesabio vyote viwili. Kisanduku cha fuwele kilikuwa kimepoa kwa sababu mashine ilizimwa mchana kutwa, na fuwele iliyopoa hutikisika. Kiini kikaishuku, kikaiweka kando, kikachagua kichakataji. Kilifanya kama kilivyofundishwa. Fuwele ilipopata joto ikawa sawa tena, lakini hakuna aliyerudi kuiuliza.

Maagizo yalisema wazi: baada ya kubadili kiini, kaa na mashine usiku mmoja ikihesabu, kisha linganisha vihesabio. Namsifu hakulinganisha. Siku ile ilikuwa Ijumaa na jua lilikuwa linashuka nyuma ya ukungu. Alitaka kuwahi Sabato. Alifunga kibanda kwa haraka, akaenda nyumbani akiimba, na Jumapili akawa amesahau.

Sasa alilinganisha. Fuwele, iliyotupwa kando, ilikuwa imeendelea kuhesabu peke yake muda wote huo. Kati ya hesabu yake na saa ya bonde kulikuwa na tofauti ya dakika arobaini na saba.

Haikumchukua muda kuona dakika hizo zimeangukia wapi. Maji ya mlima huo yaligawanywa kati ya mabonde mawili. Saa nne asubuhi bonde la Mzindu, kule ng'ambo ya kilele, liligeuza kijito kwenda kwao, na Mzindu walikuwa na mashine yao, iliyo sahihi. Ikongwe walitangulia kupata maji, kisha Mbugani wakapata mpaka kijito kigeuzwe. Saa ya bonde ilipochelewa, Ikongwe walianza kwa kuchelewa na kumaliza kwa kuchelewa, wakapata maji yao yote. Mbugani walianza kwa kuchelewa, na Mzindu hawakuwasubiri. Aliyekuwa wa mwisho ndiye aliyekatwa, siku baada ya siku, na hakuna lango lolote la pembeni lililofunguliwa.

"Mzee Mbazi," Namsifu alisema kwa sauti ndani ya kibanda kitupu. Hapo ndipo kengele ya kanisa ilipolia, na kule chini jirani akaacha kupasua kuni.

*

Injinia Kadeghe, mkuu wa skimu, alipopigiwa simu alikuja akiwa amevaa suti ya Sabato na viatu vya shambani. Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyemfundisha Namsifu kazi hii katika madarasa ya jioni, huyu mwanafunzi wake akiwa tayari mama mtu mzima asiyejua hata kuwasha kompyuta.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza.

"Mimi na wewe. Mama yangu ameona jua, lakini hajui maana yake."

"Vizuri. Zirudishe hesabu kwenye fuwele sasa hivi. Hilo halina mjadala."

"Na zile dakika zilizopotea?"

"Zivute polepole. Iambie mashine iende haraka kidogo kila siku, kidogo tu, asitambue mtu. Wiki mbili tutakuwa sawa."

"Mahindi ya Mbugani hayana wiki mbili, Injinia. Na Jumapili Mzee Mbazi anahukumiwa. Mimi naweza kuirusha saa mbele mara moja, usiku huu huu."

"Na kengele igonge katikati ya chakula? Na simu zote ziruke mbele ya macho ya watu?" Kadeghe alivua miwani. "Namsifu, wewe ulikuwa mtoto satelaiti zilipoungua. Mimi nilikuwa kijana, nilikuwa pale kwenye ndiva. Hakukuwa na saa ya kuaminiwa na kila mtu alikuwa na yake. Watu walifuata maji kwa mapanga. Kaka yangu alikatwa mkono akishika lango. Saa hii ndiyo iliyotupa amani. Siku watakapojua inaweza kudanganya, kila mtu atarudi kwenye saa yake mwenyewe."

"Kwa hiyo Mzee Mbazi abaki mwizi?"

"Nitazungumza na mwenyekiti wampe adhabu ndogo. Baada ya mvua atarudishwa." Alishindwa kumtazama. "Nakuagiza kama mkuu wako. Vuta polepole. Na usiseme."

Namsifu aliitazama mashine. Aliweka vidole juu ya vitufe. Alifikiri mapanga. Alifikiri kazi hii, aliyoisomea usiku kwa usiku huku wenzake wakimcheka kwamba anataka kuwa bibi wa kompyuta. Kisha akaandika amri ya kuvuta polepole, akabonyeza.

*

Sabato yote hakuweza kuomba. Alifungua kinywa, na maneno yakakaa juu ya ulimi kama kidonge kisichomezeka. Kanisani Mzee Mbazi aliketi nyuma kabisa karibu na mlango, mahali pa wageni. Wimbo ulipoanza hakuimba; alishika tu kitabu, mkewe akiimba kwa nguvu ya watu wawili. Namsifu alihesabu vigae vya sakafu ili asigeuke.

Nyumbani mama yake alimuuliza kwa nini hali.

"Nimefunga, mama."

"Umefunga au umekabwa?"

Namsifu alikwenda chumbani akapiga magoti, na safari hii hakuomba kuonyeshwa kitu. Alichotakiwa kuona alikuwa ameshakiona. Aliomba tu miguu yake imfikishe.

*

Jumapili asubuhi ndiva ilikuwa imezungukwa na watu. Ni bwawa la kale, la mawe na udongo, lililochimbwa na mababu wa mababu, na mpaka leo mashauri ya maji hayaamuliwi mahali pengine. Maji yalikuwa yakienda Mbugani kupitia lango kuu, moja kwa moja kutoka kijitoni, kwani ukame haukuiachia ndiva akiba. Mbele ya mwenyekiti wa skimu kulikuwa na meza, na juu yake ufunguo wa lango la pembeni, peke yake, ambako kila mtu aliuona. Injinia Kadeghe aliketi kando ya meza.

"Mzee Mbazi," mwenyekiti alisema, "tuambie. Maji yalikwenda wapi?"

Mzee Mbazi alivua kofia. "Ndugu zangu, mimi sikumpa mtu maji. Lakini mashine inasema zamu yetu ilikuwa kamili, na mashine haina ugomvi na mimi. Basi labda nilisinzia. Labda nilifungua nisijue. Nawaomba radhi. Msiwatoe watoto wangu."

"Unaomba radhi ya kitu usichokifanya, wewe mzee!" mkewe alifoka kutoka kwenye kundi.

"Mama Ombeni, mwache ajibu!"

"Anajibu nini, na nyie mmeshamjibia?"

Watu wengine walicheka, wengine wakaguna. Namsifu alijikuta amesimama. Hakukumbuka kuinuka. Alimwona Kadeghe akitikisa kichwa polepole, hapana.

"Mwenyekiti, naomba nafasi."

"Fundi ana neno. Sema."

"Ufunguo uko hapo mezani?"

"Si unauona?"

"Naomba asiuguse mtu. Na kila mwenye simu aishike mkononi." Alitazama chini haraka. Chini ya shali yake alikuwa na kipimo kidogo chenye vitufe alichokiunganisha na mashine na fuwele yake asubuhi hiyo, nacho kilikuwa kinakaribia saa nne. "Muda si mrefu maji haya yatakatika. Yakikatika, niambieni simu zenu zinasemaje."

"Fundi amekuwa nabii!" kijana mmoja alisema, na kicheko kikazuka.

Kicheko kilikuwa bado hakijaisha sauti ya maji ilipobadilika. Ikanyong'onyea. Kijito kilichoingia ndiva kikawa uzi, uzi ukawa matone, na mfereji wa Mbugani ukabaki unang'aa matope. Ufunguo ulikuwa mezani.

"Saa ngapi?" Namsifu aliuliza.

"Saa tatu na dakika ishirini," mtu alisema, kwa sauti ndogo.

"Saa tatu na ishirini," wengine wakasema, huku na huku. Mzee Mbazi hakutazama simu. Aliutazama ufunguo.

"Ni saa nne," Namsifu alisema. "Mzindu wamegeuza kijito saa nne, kama kawaida yao. Saa yetu ndiyo iliyochelewa, tangu nilipobadili kiini cha mashine. Ilinipasa nikae nayo usiku mmoja niipime. Nilikuwa na haraka ya Sabato, sikuipima. Mzee Mbazi hakusinzia. Hakuiba. Dakika zake nilizipoteza mimi. Na Ijumaa, nilipojua, niliamua kuirekebisha kimyakimya msitambue."

Watu waligeukiana. Kisha wote wakasema kwa pamoja. Mtu wa Mbugani alirusha kofia chini. "Wiki tano! Wiki tano mnatuita wezi!" Mwingine akapaza sauti kwamba kuanzia leo atafungua maji kwa jua lake mwenyewe na atakayemzuia ajaribu. Kijana mmoja aliokota jembe. Namsifu alimwona Kadeghe akishika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, kwa nguvu, kama aliyemkumbuka mtu.

Aliyewanyamazisha alikuwa Mzee Mbazi. Alikwenda mezani, akachukua ufunguo bila kumwomba mtu, akasimama juu ya ukuta wa lango.

"Shusha jembe, Elisante," alisema. "Mimi ndiye niliyeonewa na sijashika jembe. Wewe una nini?"

Kijana akalishusha.

Injinia Kadeghe aliinuka. "Amri ya kunyamaza niliitoa mimi," alisema. "Fundi aliitii, na leo ameivunja. Mwenyekiti, andika hivyo." Akaketi tena, amezeeka ghafla.

Namsifu alivua kitambulisho chake cha skimu shingoni, akakiweka mezani, pale ufunguo ulipokuwa.

"Kuhusu hicho mtaamua nyinyi. Lakini kwanza naomba ruhusa niirushe saa mbele, hapa hapa, mbele yenu."

"Irushe," alisema Mzee Mbazi, kabla mwenyekiti hajafungua kinywa.

Aliandika amri kwenye kipimo, akabonyeza. Simu zilitetemeka mikononi mwa watu wote kwa mara moja, na kule kanisani kengele ikagonga saa nne. Bi kizee mmoja akasema, "Bwana asifiwe," kana kwamba ameona mtu akifufuka.

"Na kesho je?" Mama Ombeni alisogea mpaka mbele. Macho yake yalikuwa mekundu. "Kesho ikikosea tena, nani atatuambia? Ile kengele?"

"Mimi."

"Sema kwa sauti. Waliokauka wako nyuma, hawasikii."

Namsifu alipanda ukutani kando ya Mzee Mbazi. Aliona uso wa kila mtu. Hapakuwa na ukungu wa kumficha.

"Naahidi," alisema, akasikia sauti yake ikirudi kutoka mawe ya ndiva, "mbele za Mungu na mbele yenu wote. Kila Ijumaa, niwe nina kitambulisho au sina, nitasimama hapa na mtu mmoja wa Ikongwe na mmoja wa Mbugani, tulitazame jua likizama, kisha ndipo tuitazame saa. Siku nitakayoikuta imekosea, sitaigusa mashine kabla sijaigonga kengele kwa mkono wangu na kuwaambia. Na kwa mahindi yaliyokauka kwa sababu yangu, Mama Ombeni, zamu ya maji ya nyumba yangu ni yenu mpaka mvua inyeshe."